Mwonjaji wa Ng'ambo ya Mto

Kijiji chetu kilikuwa na kazi moja ambayo sijaiona kwingine, si Usangu nilikozaliwa wala Mbeya nilikohamia baadaye. Kulikuwa na mzee wa kuonja. Pombe ya arusi, ya matanga, ya mavuno, hata togwa ya siku ya ubatizo, haikunywewa mpaka yeye ameipitisha mdomoni. Tulimwita Mwonjaji. Jina lake la ubatizo liliandikwa kanisani, nami sikwenda kulitazama.

Alitoka wapi, hilo nalo usiniulize. Wapo waliosema ni Mkinga, wapo waliosema ni Mpangwa. Mwenyewe alisema ametoka barabarani, maana alifika na kundi la wajenzi wa barabara, kundi likaendelea mbele na yeye akabaki. Mtu anayejibu hivyo ana jambo analificha, ndivyo nilivyomwambia mume wangu nilipokuwa bado bibi arusi. Mume wangu alikuwa fundi wa magari mjini, mpole kupita kiasi, akanijibu kwamba mimi hata kuku akinitazama mara mbili namshuku. Ni kweli. Kwetu Chimala nililelewa na bibi ambaye kila siku alisema kikulacho ki nguoni mwako, na alikuwa akisema hivyo huku akikung'uta nguo.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho kabla ya Uhuru, Mwingereza bado yuko boma. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Ukitoka mjini Iringa unavuka daraja, unapandisha kidogo, umefika. Mjini palikuwa na maduka ya Wahindi. Kwetu palikuwa na duka moja la maana, la matofali mabichi, lenye baraza mbele. Upande mmoja wa baraza alikaa fundi cherehani, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Upande wa pili alikaa fundi baiskeli, kijana mcheshi mwenye ngiri, ambaye kila akicheka sana alijishika kinenani. Katikati walikaa wasio na kazi. Ndani ulipata chumvi, mafuta ya taa, sabuni ya mche, kaniki, na habari. Mwenye duka alikuwa Mbena mnene, mwenye kauli tamu, aliyejua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajamaliza kugombana.

Wenyeji wa pale ni Wahehe, lakini mji ulikuwa umetuvuta wengi. Walikuwepo Wabena, Wakinga, Wanyakyusa kutoka Tukuyu, watu wa Nyasa waliokuja na ngoma yao ya mganda, na Msangu mmoja, ndiye mimi. Tulisalimiana kamwene asubuhi na jioni, tukaombana moto, tukazikana. Kunywa pombe ya mtu, hilo lilikuwa jambo jingine.

Kwa desturi ya huku juu, anayekukaribisha pombe huonja kwanza mbele ya macho yako. Tunaita kutoa uchawi. Akimeza yeye ukamwona, unajua hajatia kitu, na wewe unapokea kibuyu kwa mikono miwili. Mahali mnapojuana, desturi hii inatosha. Kwetu haikutosha. Mbena alisema Mkinga anaweza kuonja sumu yake mwenyewe asidhurike, maana amekwisha kunywa kinga nyumbani. Mkinga alisema hivyo hivyo juu ya Mnyakyusa. Nilipofika mimi, wote wakapatana kusema hivyo juu ya Msangu.

Namna mzee alivyoianza kazi yake nilisimuliwa na mwenye duka, kwa hiyo punguza robo. Ilikuwa arusi, bwana Mbena, bibi Mkinga. Pombe ilikuwa tele, nyama imeiva, na pande zote mbili wamekaa wanatazamana kama majogoo, hakuna anayetangulia kunywa. Baba wa bwana akaonja, upande wa pili wakasema hiyo ni yake. Shangazi wa bibi akaonja, upande wa kwanza wakasema vile vile. Jua likaanza kupinda. Ndipo yule mjenzi wa barabara, ambaye hakualikwa na upande wowote, akatoka alikokuwa amesimama, akachota kata, akanywa mpaka chini, akajifuta, akasema, "Mimi sina ndugu hapa. Nikifa hakuna wa kunilipia kisasi. Nitawadanganyia nini?" Arusi ikachezwa. Tangu hapo mtu akichuja pombe, humwita mzee kwanza, ndipo awaite wageni.

Sasa nimseme alivyokuwa. Alikuwa mrefu, mkavu, na koti jeusi alilolivaa jua na mvua, na midomo iliyofungwa wakati wote. Sikupata kumwona meno. Wenzake wakicheka barazani hata fundi baiskeli akajishika kinena, yeye alitikisa mabega tu, mdomo umefumbwa. Nilimwambia mume wangu kwamba mtu asiyefungua mdomo kucheka ana kitu mdomoni. Mume wangu akasema labda ana pengo.

Dukani alikuwa kichekesho. Chumvi hakuitaka ile ya juu ya gunia; aliomba aruhusiwe kuingiza mkono mpaka katikati. Mafuta ya taa aliyanusa. Sukari aliilamba chembe moja, akasubiri, ndipo akasema haya, pima. Mwenye duka alivumilia yote hayo, maana mzee akitoka na sukari mkononi, waliokuwa barazani wote waliingia kununua. Fundi cherehani alisema duka lile lina walinzi wawili, kufuli na ulimi wa mzee.

Chakula cha mtu hakula. Hili lilikuwa la ajabu kuliko yote, na halikumshangaza yeyote ila mimi. Ujira wake wa kuonja alitaka uwe kitu kibichi: unga, mahindi, au kuku angali anapiga kelele. Ukimpa kilichopikwa alishukuru, akakichukua, akawagawia watoto njiani. Mwenyewe alikula muhindi aliouchoma kwa mkono wake, ndizi mbivu, na mayai. Mayai aliyapenda mno. Alilishika yai akasema, "Hili limefungwa na Mungu mwenyewe," kisha akaligeuza pole pole kutafuta ufa. Likiwa na ufa hata kama unywele, alilirudisha.

Nilijiuliza, mtu huyu hali ugali wa jirani, hanywi maji ya jirani, lakini kila pombe ya kijiji anaitia kinywani. Ama ni mjinga, ama ana kinga kubwa kuliko zote, ama kuna mchezo. Mjinga hakuwa.

Tena alikuwa na mambo yaliyopingana na hayo. Mlango wake haukuwa na kufuli. Jembe lake, shoka lake, ngazi yake, mtu yeyote alichukua bila kuomba, na havikurudi vyote. Ugomvi wa mipaka ukitokea aliitwa, akasikiliza pande zote, akatoa neno fupi watu wakatulia. Watoto walimpenda. Mtu wa namna hiyo ungesema hana shaka na binadamu, na hata hivyo mtungi wake wa maji alilala nao chumbani. Siku moja nilimuuliza waziwazi mbona watu anawaamini na chakula chao hakiamini. Akanitazama, akasema, "Mla nawe hafi nawe, mama wa Chimala," akaenda zake. Nikabaki nimesimama na ungo wangu. Kwa nini ananiambia mimi habari za kufa?

Kisha akabatizwa. Uamsho ulipita milimani mwaka ule, watu wakatubu hadharani, na Mwonjaji naye akasimama. Mafundisho ya siku zile hayakuwa na mzaha: anayetaka Meza ya Bwana aache pombe. Nasi tukawa na hofu. Hatukuwa na hofu ya roho zetu, ni ya arusi zetu. Lakini arusi ya kwanza baada ya ubatizo, mzee akaja na koti lake, akachukua kata, akaweka mdomoni, akatikisa kichwa kwamba ni njema. Watu wakapiga vigelegele. Wa pombe walijisemea kwamba kuonja si kunywa. Wa kanisa, kina fundi cherehani, walijisemea vyovyote walivyojisemea. Hakuna aliyetaka kuuliza zaidi, kwa sababu jibu lingemnyima mtu kitu.

Mimi niliangalia. Katika arusi ya binti wa mwenye duka nilikuwa jikoni nachambua mchele, na kidirisha cha jikoni kilitazama migomba nyuma ya nyumba. Nikamwona mzee anakuja peke yake, mashavu yamejaa, anainama, anatema chini ya mgomba. Kisha akatoa kitambaa, akajifuta, akarudi kwa watu taratibu kama mtu aliyekwenda kukohoa.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ameijua ile pombe ni mbaya na ametuachia tufe. Sikunywa siku ile, wala sikumwacha mume wangu anywe, tukaonekana wenye majivuno. Hakuna aliyekufa. Kwenye matanga yaliyofuata nikasimama mahali pa kuona, akatema tena, nyuma ya zizi. Ndipo nikaelewa. Mzee hamezi kabisa. Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa kwa imani ya koo ambalo halikupitisha kitu.

Nilimweleza mume wangu. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. "Funga mdomo," alisema. "Kijiji hiki kimekaa juu ya ulimi wa mtu yule. Ukiuvuta tutaanguka wote, na wa kwanza utakuwa wewe mgeni." Nikafunga mdomo, lakini macho sikufunga. Kila alikokwenda mzee na kata, mimi nilikuwa dirishani, au kwenye pembe ya ukuta, au nyuma ya uzio nikijifanya nachuma mboga.

Wakati huo nami nilikuwa nimeanza kupika pombe ya ulezi, kama bibi yangu alivyonifundisha, kimea cha kuota vizuri na moto usio na haraka. Watu waliipenda. Walikuja wakiniita jina, wakakaa kwenye magogo ya uani kwangu, wakanieleza shida za wake zao. Kwa mgeni hilo si jambo dogo. Mwaka ule nilipata mimba, na nilianza kuona kwamba mtoto wangu atazaliwa mahali penye watu.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walileta maboga, mahindi, viazi, kuku waliofungwa miguu, na fundi cherehani akavipiga mnada kwa sauti kubwa kuliko ya mchungaji. Baada ya ibada kijiji kiligawanyika kama kawaida yake. Waliookoka walikwenda nyumbani. Wengine tulikwenda uwanjani nyuma ya duka, ambako watu wa Nyasa walikuwa wamejipanga kwa mganda, kaptura nyeupe, mstari umenyooka kama wa askari, ngoma kubwa inanguruma. Mimi nilikuwa nimepeleka mtungi wangu pale pale kivulini.

Mwonjaji alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kitabu cha nyimbo mfukoni mwa koti. Akachota, akatia mdomoni, akatikisa kichwa. Akazunguka nyuma ya uzio wa matete. Mimi nikamfuata kwa macho, naye alipogeuka kurudi, macho yetu yakakutana. Akanipita.

Wa kwanza kunywa alikuwa fundi baiskeli. Alisema mzee akiipitisha yeye haulizi, akanywa, akaomba tena, akaingia kwenye mganda ambao hakuufundishwa, watu wakacheka mpaka machozi. Alicheza sana. Nilimwona akijishika kinena, nikadhani anacheka. Kisha akapiga magoti, akalala chini, jasho linamtoka, na ngoma ikanyamaza. Walimbeba kwa machela kuvuka daraja mpaka hospitali ya mjini. Asubuhi tukaletewa habari kwamba hayupo.

Daktari alikuwa amesema ni ngiri, imejifunga, na wamechelewa kumleta. Kaka zake marehemu walisikiliza maneno hayo kwa adabu, na mkubwa wao akasema, "Daktari anajua magonjwa ya kitabuni. Ya Usangu atayajulia wapi?" Yalifika kwangu kabla sijawasha moto.

Baada ya maziko walikusanyika mbele ya duka. Jumbe alikalishwa kwenye kiti cha mwenye duka, na mtungi wangu uliwekwa katikati, umefunikwa jani la mgomba, pombe bado imo hadi nusu, maana walipoanza kumbeba marehemu hakuna aliyenyanyua kata tena. Kaka zake walisema maneno yao. Walitaka nirudishwe kwetu siku ile ile, na nyumba ichomwe moto ili uchawi usibaki na kuta. Mume wangu alisimama kando, kofia mikononi, akiizungusha zungusha. Nilitazama nyuso moja moja. Wale waliokaa kwenye magogo ya uani kwangu walikuwa wanaangalia miguu yao.

Mwenye duka, Mungu amlipe, ndiye aliyekumbusha kwamba pombe ilionjwa. Minong'ono ikapungua. Kweli, ilionjwa. Jumbe akageuka kwa mzee, akamuuliza kama aliionja ile pombe, na mzee akajibu kwamba aliionja. Nikapumua. Hata kaka wa marehemu alilegea mabega.

Hapo fundi cherehani akasimama. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakupenda kusikia jina la Mkristo wake likichanganywa na mtungi mbele ya umati.

"Jumbe, tuseme vizuri," alisema. "Huyu ndugu yetu ni mtu wa Meza ya Bwana. Tangu abatizwe pombe haipiti kooni mwake. Mimi ni shahidi."

Alikaa, amejiridhisha. Ikachukua muda maneno yale kuwaingia watu. Nikayaona yanaingia, uso mmoja baada ya mwingine. Mwenye duka ndiye aliyeyatoa, tena kwa sauti ya chini, "Sasa siku zote hizi, tumeonjewa na nani?"

Nilimtazama Mwonjaji, nikamchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Akisema alimeza, kanisa litamtoa. Akisema alitema, mimi nimekwisha, na arusi zote na matanga yote yaliyopita yatafukuliwa. Nilijua atachagua kanisa. Ana roho moja ya kulinda, na mimi ni nani wake?

Mzee hakusema alimeza wala alitema. Aliliweka koti lake vizuri, akaenda kwenye mtungi, akaondoa jani, akachota. Akanywa. Koromeo lilipanda likashuka, kila mtu akaliona. Akachota tena. Ile pombe ilikuwa imekwisha kuchacha, harufu yake ilinifikia nilikosimama, naye aliendelea kunywa, anapumzika, anakunywa, mpaka akauinamisha mtungi na machicha yakaanguka mchangani. Fundi cherehani alifunika uso. Kisha mzee akakaa chini pale pale, akaegemea nguzo ya baraza, akafumba macho kama mtu anayesubiri gari.

Nasi tukasubiri. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Jua likahama kutoka upande wa cherehani mpaka upande ambao baiskeli zilikuwa zimesimama bila mwenyewe. Mzee alisinzia, akatoa jasho, wanawake wakaanza kujishika vichwa. Akaamka, akaimba ubeti wa wimbo wa mavuno kwa sauti mbaya ya kilevi, akasinzia tena. Kivuli kilipokuwa kirefu alifumbua macho, akatazama watu wote wale, akasema kwamba ana njaa, nani ana muhindi mbichi. Nilikimbia mimi kuuleta. Aliuchoma mwenyewe kwenye jiko la pasi la fundi cherehani, akala.

Jumbe akasimama, akasema marehemu ameuawa na ngiri na asisikie mtu akisema vingine. Kaka zake marehemu waliondoka bila kuniaga. Walikuwepo baadaye walionong'ona kwamba mzee ana kinga ya kutoka barabarani, lakini walinong'ona tu. Nyumba yangu haikuchomwa. Mtoto wangu alizaliwa pale pale.

Yeye ndiye aliyelipa. Kanisa lilimtenga, akawa anakaa benchi la nyuma na wenzake wanapokwenda mezani anabaki ameinamisha kichwa. Na wa pombe nao hawakumwita tena. Ukimtazama usoni unakumbuka kwamba alikudanganya, na pia kwamba alikufa mbele yako halafu hakufa; yote mawili hayapendezi kwenye arusi. Watu walirudia kuonjeana wenyewe, kwa mashaka yao yale yale. Nilimpelekea jogoo, hai. Akampokea, akamshika miguu, midomo imefungwa. Nikarudi nyumbani. Haukupita muda akaondoka kijijini, na mlango wake usio na kufuli ukaendelea kugongagonga na upepo mpaka watu walipouchukua.

Basi mimi nikaishi na siku ile. Nilipogombana na mawifi, walipokataa kula msibani kwangu mume wangu alipofariki, niliposikia tena neno lile la uchawi wa Usangu, nilijiambia kwamba yupo mtu mmoja aliyeniamini. Mtu aliyeshuku hata chumvi alikunywa mtungi wangu mpaka machicha. Mimi nisiyemwamini mtu, nilijivunia hilo kuliko nyumba.

Niliporudi upande wa kwetu nilianza biashara ya mchele, nautoa Chimala, nauuza Mbalizi siku za soko, na pembeni nikawa na mtungi wa togwa kwa wenye kiu. Siku moja nikaliona koti. Alikuwa amekaa chini safu ya nyuma, amezeeka, mbele yake kuna ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha. Ungemtarajia auze nini kingine? Nilikwenda nikamshika mkono nikamleta kwenye kivuli changu, nikamkalisha kwenye gunia la mchele. Alinikumbuka mara moja. Tuliulizana waliokufa.

Nikachota togwa kwa kibuyu changu kizuri. Sikuonja. Nilifanya makusudi, kwa heshima. Nilitaka ajue kwamba kati yetu mambo hayo hayapo. Nikampa kwa mikono miwili. Akapokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya goti, akatulia. Mazungumzo yakaendelea na kibuyu kiko pale pale. Nzi akatua ukingoni, akamfukuza. Mwisho akasema kwa upole, "Mama, hujaonja."

Nilihisi nimepigwa kofi. Nikamwambia, wewe, wewe uliyekunywa mtungi wangu mzima mbele ya watu?

"Siku ile nilijua nakufa," alisema.

"Ulidhani nilitia sumu?"

"Nilidhani hivyo. Sasa ningedhani nini? Kila nikigeuka nakuona dirishani. Nikienda nyuma ya uzio, upo. Nikasema, huyu mwanamke ana lake."

Nikamuuliza kwa nini basi alikunywa. Alikitazama kibuyu.

"Yule kijana alikunywa akijua nimemeza," alisema. "Sikumeza. Kama ilikuwa sumu, ni mimi niliyempa. Nikaona bora nimfuate."

Sitaficha, nilikasirika, na chini ya hasira iliniuma vibaya. Miaka yote ile nilimweka mtu huyu moyoni kama shahidi wangu, kumbe alikuwa amekwisha kunihukumu na wenzake, tena mapema kuliko wao, na kosa langu ni kuangalia. Nikakichukua kibuyu gotini mwake. Nikanywa, funda kubwa, nikameza pole pole, nikimtazama. Macho yake yalikuwa kooni kwangu. Aliporidhika alinyoosha mikono, nikamrudishia, akanywa yote bila kupumzika, akakigeuza juu chini kunionyesha.

Kisha akachagua yai moja katika kapu lake, akaniwekea mkononi. Lilikuwa bado na joto. Sijui nilifikiri nini. Labda sikufikiri kitu. Niliona tu vidole vyangu vinaligeuza pole pole, kwanza upande huu, kisha upande ule, vinatafuta ufa.

Naye alikuwa ananitazama. Akacheka. Akacheka kwa mdomo wazi, mpaka wauza mchele wa pembeni wakageuka, na ndipo nilipoona kwamba mume wangu alisema kweli: alikuwa na pengo.